Chumvi Kidogo

Walikuja Jumapili, barafu ikiwa bado pembezoni mwa matope,
Sunniva na Jostein, na mtoto kifuani,
wakaupima mteremko kwa hatua:
jiko hapa, walisema, dirisha lielekee mtoni,
na kule linakotua jua la asubuhi, matuta ya karoti.
Jostein akachomeka kijiti.
Nikakitazama kama mtu atazamavyo sindano
ikiingia mkononi mwake mwenyewe.

Shamba ni la baba. Lilikuwa.
Miaka arobaini na miwili alipanda viazi hapa Trondelag,
na trekta halikuzama hata tairi.
Udongo huu wa buluu ni mtulivu, alikuwa akisema,
haulalamiki, hauli jembe.
Siku tuliyomzika, mchimbaji hakukutana na jiwe hata moja.

Novemba nilimwita mpima udongo,
kwa ajili ya bei tu, ili karatasi ziwe safi.
Bibi Oddlaug, buti za mpira, keekee ndefu kupita mlango.
Mita tatu za kwanza: ukoko mkavu, wa kahawia.
Kisha kijivu.
Kisha chuma kikashuka chenyewe,
bila kusukumwa,
kama kijiko ndani ya mtindi.
Alikunja midomo, akaandika, akatoboa shimo la pili.

Jikoni alikata kipande cha mfinyanzi, akakisimamisha mezani.
Bonyeza, akaniambia. Nikabonyeza. Kikanibeba.
Akakitia kikombeni, akakoroga,
wala hakuongeza tone la maji,
na udongo wa baba ukawa uji,
ukamiminika.

"Hapa palikuwa bahari," alisema.
"Chumvi ndiyo iliyozishika chembe pamoja,
kama ndugu wasiopatana
wanaokaa nyumba moja kwa heshima ya mama.
Mvua imeiosha chumvi, miaka elfu juu ya elfu.
Mama hayupo tena.
Wanangoja tu mtu agonge mlango."

Akachukua kidude changu cha chumvi, akanyunyiza, akakoroga tena.
Uji ukaganda. Kijiko kikasimama wima.

"Na mteremko wote," niliuliza, "utataka magunia mangapi?"
Alicheka. Sikumwona akicheka tena siku ile.

Tangu hapo ripoti imelala kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.
Kaka yangu Halvard alipiga simu kutoka mjini:
waache wapime wenyewe, mnunuzi ana macho.
Macho anayo.
Lakini macho huona nyasi.
Na mimi nilikwisha kuhesabu fedha zile kichwani:
paa, meno, deni la mazishi.
Usiku nilisikia mto ukilamba chini ya ukingo,
kidogo, kidogo,
nikakumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu,
nikajigeuza upande wa pili, nikalala. Nililala, ndiyo.

Basi Jumapili hiyo niliwamiminia kahawa.
Mtoto alikuwa akitafuna ufunguo wa gari.
Jostein alikwisha toa kalamu.
Nikaweka kikombe cha tatu mezani, kisicho na kahawa,
nikasema: kabla ya bei,
nikakoroga.

Hakuna aliyesema kitu.
Jostein aliuliza kama nyumba ndogo ingefaa, ya mbao, nyepesi,
kisha akajijibu kwa kurudisha kalamu mfukoni.
Sunniva akamvuta mtoto mbali na meza,
kana kwamba kikombe kingeweza kuruka.
"Ungeweza kutuuzia mbuzi kwenye gunia," alisema.
Sikujua kama ni shukrani.
Walipofika mlangoni aligeuka: "Na karoti?"

Karoti zitakubali, nilimwambia.
Karoti hazina uzito,
wala hazidaiwi na benki.

Gari lao lilishuka polepole, polepole mno.
Jioni nilikwenda kung'oa kijiti.
Nilitembea kwa ncha za vidole juu ya shamba la baba,
kama apitaye chumba cha mtu aliyelala,
nikakivuta taratibu,
na tundu lake nikaliziba kwa kidole.